Hawa Wanaimba Nini?

Shangazi yangu ana sheria moja ya muziki: wimbo ni maneno. Sauti tamu ni neema na fidla ni pambo, lakini kama hakuna fumbo la kufumbua wala kijembe cha kumrushia jirani, kwake hapo hapana wimbo, pana kelele zilizopangwa. Amekulia Ngamiani, Tanga, katika miaka ambayo taarab ilikuwa haikatiki vichochoroni, na hadi leo akisikia ubeti umekaa sawasawa huacha analolifanya akakugonga goti: "Umemsikia lakini? Umesikia alivyomsema?"

Nilijua basi kwamba ninatafuta balaa, Jumamosi ile, nilipoketi naye ukumbini, yeye na ungo wake wa mchele, mimi na simu na spika ndogo, nikamwekea albamu ambayo kwa zaidi ya robo saa ya mwanzo haitamki neno hata moja la kushika.

Inaitwa Heaven and Hell, yaani Pepo na Moto. Ilitoka mwaka 1975, na mtunzi wake ni Mgiriki, Vangelis. Wengi wanaomjua hawajui kwamba wanamjua. Ule muziki wa piano wa vijana wanaokimbia ufukweni, ambao watu huuimba kwa mzaha wakiigiza kukimbia polepole, ni wake. Aliutunga kwa ajili ya filamu ya Chariots of Fire ya 1981, na mwaka uliofuata ukampatia Oscar. Lakini sikumwekea shangazi ule. Ule unajieleza wenyewe. Nilimwekea huu kwa sababu unagusa swali ambalo ameniuliza tangu nikiwa mtoto, nami sijawahi kumjibu akaridhika: kama hawasemi kitu, wanaimba nini?

Hii ni albamu ya dhana. Vipande vyake havikurundikwa pamoja kujaza santuri, bali vinafuatana kama sura za kitabu, vyote vikibeba wazo moja. Kwa kawaida wazo hilo hubebwa na maneno. Mwimbaji ndiye msimulizi. Hapa msimulizi ni jina la albamu, na kazi yake inaishia hapo. Umeshaambiwa pepo na moto, mengine yako. Santuri ilikuwa na sehemu mbili, moja kila upande, jumla dakika 43 hivi. Upande wa kwanza ukiisha ilikulazimu uinuke ukaigeuze. Huko kuinuka nitakurudia, maana siku ile ndiko kulikonipa nafasi ya kufikiri.

Albamu inaanza kwa vurugu. Kipande cha kwanza kimepewa jina la karamu za ulevi za mungu Bacchus, na kweli kimelewa: vinanda vinakimbizana, piano inapigwa kama mlango wa mdaiwa, kwaya inadakia kwa juu. Shangazi akainua uso.

"Mbona kama kanisani?"

"Si kanisani, shangazi."

"Sasa hawa wanaimba nini?"

Tulikuwa hatujamaliza dakika tano.

Kwaya ile ni English Chamber Choir ya London, iliyoongozwa na Guy Protheroe, na ina kisa chake. Mwaka 1974, Januari, kwaya hiyo hiyo ilisimama kwenye ukumbi wa Royal Festival Hall pamoja na London Symphony Orchestra nyuma ya mpiga kinanda Mwingereza, Rick Wakeman, wakati akirekodi Journey to the Centre of the Earth, hadithi ya Jules Verne iliyogeuzwa kuwa muziki. Wakeman alitaka vyote kwa mpigo mmoja: orkestra kamili, kwaya, bendi ya roki, vinanda vya umeme, na msimulizi wa kusoma hadithi. Gharama zilimkaba koo. Mwaka huo huo moyo ukamsumbua akalazwa, na akiwa hospitalini akaanza kutunga albamu nyingine ya namna hiyo hiyo, ya Mfalme Arthur, ambayo mwaka 1975 aliionyesha Wembley juu ya barafu, wachezaji wakiteleza kwa viatu vya chuma huku orkestra na kwaya ile ile wakiwatumbuizia. Ukitaka kujua watu wa miaka ile walikuwa na kiu gani ya makuu, mfikirie Mfalme Arthur akiteleza.

Wakeman alikuwa ameacha nafasi yake katika bendi ya Yes, na mwimbaji wa bendi hiyo, Jon Anderson, alimtaka Vangelis aizibe. Jambo hilo halikukamilika, lakini urafiki ulibaki. Vangelis aliyekuwa akiishi Paris akahamia London, akajenga studio yake mwenyewe karibu na Marble Arch, akaiita Nemo, na kazi kubwa ya kwanza aliyoifanya humo ni hii niliyomwekea shangazi. Aliita kwaya ya Wakeman. Orkestra hakuiita.

Hilo ndilo linalonishangaza kila nikisikiliza. Kwenye kipande cha pili, kile cha kwaya inayopiga hatua nzito kama jeshi linalopanda ngazi, utaapa kwamba kuna tarumbeta, fidla na ngoma kubwa za shaba, watu themanini wamevaa suti nyeusi. Hawapo. Ni mtu mmoja. Sinthesaiza nyingi za wakati ule zilikuwa na uwezo wa kutoa sauti moja tu kwa wakati mmoja. Ukibonyeza vibonyezo vitatu inakuitikia mmoja. Ili upate sauti tatu zilizoshikamana, unarekodi ya kwanza, unarudisha mkanda, unapiga ya pili juu yake, unarudisha tena. Ni kazi ya mshona mkeka: unasuka ukili mmoja mwembamba, unauweka kando, unasuka mwingine, kisha unaanza kuunga, na mtu akija kukaa juu ya mkeka hazioni kili, anaona mkeka. Na mtu huyu aliyeshona orkestra nzima hakuwa anasoma noti. Alianza kupiga piano akiwa na miaka minne, na tangu hapo hadi kifo chake Paris mwezi Mei 2022 alipiga kwa kusikia.

Angeweza kuighushi kwaya pia. Kulikuwa na kinanda kiitwacho Mellotron ambacho kilihifadhi ndani yake sauti halisi kwenye mikanda, fidla, filimbi, hata kwaya. Kila kibonyezo kilikuwa na kipande chake cha mkanda cha sekunde nane hivi. Ukishikilia kibonyezo, waimbaji waliorekodiwa zamani wanakuimbia, na sekunde nane zikiisha wanakatika ghafla kama simu iliyoisha salio. Watu wa kwaya nao huishiwa pumzi, lakini unawasikia wakivuta nyingine. Nadhani ndiyo sababu Vangelis aliyekuwa radhi kuwakosa wapiga fidla hakuwa radhi kuwakosa waimbaji. Mashine zake zingeweza kudanganya kila kitu isipokuwa kifua cha mtu.

Baada ya jeshi kupita, muziki unashuka. Piano peke yake, taratibu, halafu sauti ya kinanda inaanza kupanda, na kila ukidhani imefika inapata ngazi nyingine. Huu Carl Sagan, mwanasayansi wa Marekani, aliuchukua mwaka 1980 kuwa muziki wa kufungulia Cosmos, mfululizo wake wa televisheni wenye vipindi 13 kuhusu ulimwengu. Toka hapo watu wengi wakiusikia huona nyota. Kwenye santuri hauhusiani na nyota. Ni pepo, au njia ya kwenda huko.

Shangazi alikuwa amenyamaza. Kisha akasema, bila kuinua macho kwenye mchele: "Aa, nimeelewa. Hii ni bashrafu. Tunamngoja mwimbaji."

Ningeweza kumbusu. Kwa asiyejua: katika taarab ya Unguja, ile ya vikundi vya zamani kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa 1905, onyesho hufunguliwa kwa bashrafu, kipande cha ala tupu. Ganuni, udi, fidla, nai na akodiani husema pamoja, watu wanakaa vizuri, kanga zinatengenezwa mabegani, na hakuna anayetunza pesa bado. Jina na umbo lake vimetoka kwa Waturuki, vikapita Misri ndipo vikafika Unguja. Yaani muziki usio na maneno tunao sisi wenyewe, nyumbani, kwa zaidi ya karne. Tumeupa tu kazi ya kumtangulia mwimbaji. Shangazi alikuwa ameusikiliza maisha yake yote bila kuuhesabu kuwa muziki. Kwake ulikuwa ni kusafisha koo.

Na mwimbaji akaja. Mwisho wa upande wa kwanza Jon Anderson, yule rafiki wa Yes, anaimba wimbo mmoja, wenye maneno, wa Kiingereza, kwa sauti ile yake nyembamba ya juu ambayo mtu anayeisikia mara ya kwanza huweza kudhani ni ya mwanamke.

"Enhe!" akasema shangazi. "Sasa huyu."

Nikaanza kumtafsiria. Akanizuia kwa kiganja. "Niache nisikilize." Wimbo ukaisha. Nikamuuliza alikuwa anasema nini. Akasema hajui, lakini anasema kitu.

Hapo nikaona nimepata pa kumkamatia. Kwani taarab yenyewe haikuanza kwa Kiarabu, kwenye kasri la sultani, ikisikilizwa na watu ambao wengine hawakuelewa hata nusu? Ni mpaka alipokuja Siti binti Saad na Kiswahili chake, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, ndipo mtu wa kawaida akaanza kusikia anaambiwa yeye. Shangazi akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyejibu swali ambalo hakuulizwa. "Walijua ni maneno," akasema. "Hata kama huelewi, unajua yanaeleweka mahali." Adhana ya Adhuhuri ikaingia. Akaweka ungo juu ya meza na kwenda kutawadha.

Huko ndiko kugeuza santuri kwenyewe. Kwenye simu muziki ungejiendea tu hadi mwisho, lakini nikauzima.

Nikiwa peke yangu ukumbini nilifikiria Mythodea. Maana Vangelis aliipata orkestra yake hatimaye. Usiku wa Juni 28, 2001, jijini Athens, mbele ya nguzo za hekalu la Zeus, ambazo zamani zilikuwa 104 na leo zimesimama 15, aliketi katikati ya vinanda vyake akizungukwa na London Metropolitan Orchestra, kwaya ya watu 120 ya Opera ya Taifa ya Ugiriki, na waimbaji wawili wa Kimarekani wenye sauti ambazo dunia haina nyingi, Jessye Norman na Kathleen Battle. NASA walikuwa wameuchukua muziki huo uende na safari ya chombo chao cha Mars Odyssey, kilichorushwa Aprili mwaka huo na kufika kwenye sayari ya Mars Oktoba. Jina kamili la Vangelis, usisahau, lilikuwa Evangelos Odysseas Papathanassiou. Odysseas. Sijui kama huko NASA kuna aliyelitazama.

Nimeisikiliza Mythodea mara nyingi, na nitasema lililo moyoni: ni nzito mno. Ina fahari, ina sehemu mbili tatu ambazo zinakusimamisha nywele, kwaya yake ya mwanzo inapiga kama bahari kwenye ukuta wa ngome. Lakini ni saa nzima ya watu wanaokuonyesha kwamba wapo wengi. Fidla za kweli na fidla za kinanda zinapiga kitu kimoja, kila moja ikiifunika nyingine, na mtu aliyeshona mkeka ukili kwa ukili amekuwa kama mwenye nyumba aliyeajiri mafundi mia kisha akakosa pa kuweka mkono wake. Albamu ile ya 1975 ilikuwa na njaa. Unasikia mtu anayetaka orkestra asiyokuwa nayo, na kule kutaka ndiko kunakoimba.

Mambo haya si mageni kwetu, ila kwetu yalikwenda kinyume. Sisi tulianza na orkestra. Kikundi kamili cha taarab ya Unguja kilihitaji safu ya fidla, ganuni, udi, akodiani, besi, dumbaki, na waitikiaji. Watu wengi wa kulisha, kusafirisha na kulipa. Miaka ya 1990 vikaja vikundi vya taarab ya kisasa, East African Melody wakiwa mbele, na kinanda kimoja cha umeme kikabeba safu yote ya fidla begani. Wazee walilia. Wakasema utamu umekwisha, hizi si fidla, ni nyuki kwenye kopo. Wengine hawakujali: rusha roho, yaani taarab hiyo mpya, ilichezeka, na kikundi kiliweza kwenda kwenye harusi yoyote kwa gari moja. Lakini tazama ni nini hakikuguswa. Ganuni iliondoka, nai ikaondoka, fidla zikaondoka. Mwimbaji alibaki, na waitikiaji nyuma yake. Hakuna aliyethubutu kuweka kinanda mahali pao. Tajiri wa Marble Arch na mwenye kikundi wa Unguja, ambao sidhani kama waliwahi kusikiana, walipofikia hesabu ya nani aende na nani abaki, walimbakiza mtu yule yule.

Shangazi akarudi, bado na ushungi wa kusalia. "Weka huo moto sasa."

Upande wa pili unaanza gizani. Milio inatambaa, kitu kinapiga mbawa, majina ya vipande ni popo na mifupa. Kisha kengele ndogo na ala za kugonga zinaingia kwa kasi, kitu kama ngoma ya mifupa hasa, ya kuchekesha na ya kutisha. Nilimwona shangazi akitingisha kidole kimoja kwenye ukingo wa ungo. Hakujua kwamba ninamwona.

Kisha inafika saa sita. Kipande kinaitwa hivyo, 12 O'Clock, na hakisemi kama ni ya mchana au ya usiku. Kinaanza vibaya, kwa sauti za kuomboleza na ngoma nzito, kama watu wanaopelekwa mahali. Halafu vurugu inatulia, kwaya inafungua sauti moja laini chini kabisa, na juu yake anaingia mwanamke. Anaitwa Vana Veroutis. Haimbi neno. Anaimba vokali, anapanda nazo, anashuka nazo, anarudia pale pale kama mtu anayetafuta kitu gizani kwenye chumba anachokijua. Katikati ya moto, huyu. Sijui mtu mwingine aliyeweza kuonyesha jehanamu kwa kuweka ndani yake jambo zuri namna hii.

Mwaka 1992 Vangelis alitunga, na kwaya ile ile ya Guy Protheroe ikaimba, muziki wa 1492, filamu ya Ridley Scott kuhusu Columbus, na wimbo wake mkuu ukavuma mno Ujerumani baada ya bondia Henry Maske kuanza kuingia nao ulingoni. Kwaya inatamka kitu kinachofanana na Kilatini. Si Kilatini; ni silabi zilizotengenezwa zisikike hivyo. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia shangazi habari hiyo, kwamba mamilioni ya watu waliununua wimbo ambao maneno yake hayaeleweki mahali popote, hata kwa waliouimba. Ingekuwa hoja ya kumaliza.

Lakini mikono yake ilikuwa imesimama juu ya mchele. Kidole cha shahada na gumba vilikuwa vimeshika chuya moja, hajaitupa. Alikaa hivyo hadi yule mwanamke alipomaliza na kwaya ikafifia, hadi tarumbeta za kinanda zilipoingia kwa kishindo na kipande kingine kikaanza kuandamana. Hapo akaitupa chuya.

"Huyu amefiwa," akasema.

"Hakusema kitu, shangazi."

"Nimesikia kwamba hakusema kitu." Akapepeta ungo mara mbili, pumba zikaruka kwenye mwanga wa mlango. "Irudishe pale anapoingia."

Nikairudisha.